Jimmie Rodgers: Mwimbaji wa reli aliyegeuzwa Chemirocha

MWIMBAJI Jimmie Rodgers wa Marekani hakuwahi kukanyaga ardhi ya Afrika. Hata hivyo, katika nchi ya majani chai ya Kericho na Bomet jina lake liligeuka kuwa Chemirocha, kiumbe ambaye wasichana wa Kipsigis walimsawiri nusu mtu, nusu swala.

Alizaliwa Septemba 8, 1897, karibu na Meridian, jimbo la Mississippi. Alifanya kazi ya reli kama babake, hadi kifua kikuu kilipomdhoofisha. Mnamo Agosti 4, 1927, mjini Bristol, Tennessee, alirekodi nyimbo mbili mbele ya Ralph Peer wa kampuni ya Victor. Katika miaka sita iliyofuata alirekodi nyimbo zaidi ya 100, na mwaka 1930 Louis Armstrong alimpigia tarumbeta katika mmojawapo. Mei 1933, akiwa New York, alirekodi huku akipumzika kitandani baina ya nyimbo. Alifariki Mei 26, akiwa na umri wa miaka 35. Wanamuziki wa roki walimtambua rasmi kuwa mmoja wa watangulizi wao mwaka 1986.

Aliyekufa hana sauti ya kujitetea. Mwaka 1955 kampuni iliyomiliki rekodi zake ilitoa baadhi yake upya baada ya kuzibandika ala za bendi ya Hank Snow, watu ambao hawakuwamo chumbani alipoimba. Mikusanyo hiyo ilikuwa halali kabisa. Barani Ulaya nako, ulinzi wa rekodi ulikuwa wa miaka 50. Hivyo tangu miaka ya 1980 yeyote aliweza kukusanya nyimbo zake bora bila kumwomba mtu ruhusa. Wapo waliotafuta santuri safi na kunakili kwa subira. Wengine walinakili kazi ya wenzao tu, kisha wakafuta mikwaruzo kwa kompyuta kupita kiasi hadi gitaa likapoteza makali na pumzi ya mwimbaji ikatoweka. Faili ya MP3 ya kiwango cha chini, yenye takriban sehemu moja tu kati ya kumi na moja za data iliyomo katika CD, huzidisha hasara. Mwandishi huyu huona heri mikwaruzo kuliko usafi wa namna hiyo, kwani mgonjwa wa mapafu hujulikana kwa pumzi yake.

Ni mikwaruzo hiyo hiyo waliyoisikia Wakipsigis gramafoni ilipowafikia. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akinasa muziki, alifika Kapkatet, akawarekodi wasichana wakimwimba Chemirocha, pamoja na wanaume waliopiga chepkong, zeze la Kipsigis.

Rekodi hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954, zikasikika ng'ambo miaka mingi huku wenyewe Kapkatet wakiwa hawana nakala. Tracey alifariki mwaka 1977. Ni mwaka 2014 tu ambapo maktaba hiyo ilizirejesha, zikiwa zimehamishiwa kwenye CD kutoka hazina yake yenyewe. Baadhi ya walioimba mwaka 1950 walikuwa bado hai. Walizipokea wakiwa wazee, wakasikiliza sauti zao za ujana.