Mwenda Jean Bosco: Vidole viwili vilivyovuka mipaka

Kijana wa Jinja au Mbale anayeanza kujifunza gitaa hukutana mapema na kikwazo kimoja: shingo ya ala hiyo. Nyuzi ni sita, vyuma vilivyopangwa shingoni ni vingi, na noti moja hupatikana mahali zaidi ya pamoja. Wengi hukata tamaa hapo. Maisha ya Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga aliyefariki dunia mwaka 1990 kwa ajali ya gari, yanaonyesha kwamba shingo hiyo inaweza kuzoeleka kwa njia nyingine.

Bosco alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, makao ya zamani ya Mfalme Msiri. Watu wake, Wayeke, asili yao ni magharibi mwa Tanzania ya leo, ambako wazee wao wafanyabiashara walitoka katika karne ya 19. Kwa hiyo hata kabla ya kushika gitaa, alikuwa mtoto wa safari za ukanda huu. Nyimbo zake nyingi aliziimba kwa Kiswahili cha Katanga.

Mwaka 1952, Hugh Tracey, mtafiti aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo ya kurekodi, alimkuta Jadotville, mji unaoitwa Likasi siku hizi. Bosco alikuwa na umri wa miaka 22 hivi. Miongoni mwa nyimbo alizorekodi ni Masanga, ambao uliwafikia wasikilizaji wa nchi nyingi kupitia santuri. Katika miaka hiyo hiyo, Tracey alirekodi pia wanamuziki wa Uganda.

Kilichowashangaza wasikilizaji ni kwamba gitaa moja lilisikika kama mawili. Bosco alipiga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia. Dole gumba lilishughulikia nyuzi nene za besi, na kidole cha shahada kikacheza sauti ya juu, kila kimoja na mwendo wake. Kwa msikilizaji wa Busoga, jambo hilo si geni sana. Katika embaire, wapigaji kadhaa huketi kwenye marimba moja na kila mmoja huingiza pigo lake katikati ya mapigo ya mwenzake.

Mkono wa kushoto nao ulikuwa na kazi yake. Kwa Wagisu wa Mbale, mfano mzuri ni litungu, ambalo kila uzi wake hutoa sauti moja iliyotegwa. Katika gitaa, uzi mmoja hutoa sauti nyingi kadiri kidole kinavyosogea. Nyuzi zikiachwa wazi, kuanzia ule mnene, ni E, A, D, G, B na E. Kila chuma hupandisha sauti kwa nusu toni, na cha 12 huirudisha noti ya mwanzo, ikiwa juu zaidi. Uzi wa A ukibanwa kwenye chuma cha tatu hutoa C.

Masanga hupigwa kwa mkao wa C, mkono ukiwa karibu na kichwa cha gitaa. Bosco hakuhitaji kuzunguka shingo nzima. Alilijua eneo dogo kwa undani, kiasi kwamba kila noti ilikuwa tayari kidole kilipoihitaji. David Rycroft alipouchambua upigaji huo na kuuandika kwa noti katika jarida la African Music, mwaka 1961 na 1962, ilidhihirika jinsi mpangilio wake ulivyokuwa mgumu.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, Bosco aliishi Nairobi kwa muda na kuwa na kipindi cha redio. Wapiga gitaa wa Kenya walimsikiliza na kumwiga. Ng'ambo ya Mlima Elgon kutoka Mbale, George Mukabi na wenzake walikuwa wakikuza omutibo, mtindo wao wa kudonoa nyuzi. Reli ya Nairobi ilivuka Mto Nile hapo Jinja, na tawi lake likafika Mbale na Soroti. Watu walisafiri kutafuta kazi, na muziki ulisafiri nao.

Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport, Marekani. Hata hivyo, maisha yake mengi yalibaki Katanga.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, miaka 32 baada ya kifo chake. Wengi waliojifunza kwa kumsikiliza redioni wameshaondoka pia, na santuri za zama zile zinazidi kuadimika. Kwa mwanafunzi wa Jinja au Mbale, rekodi ya Masanga ni mahali pazuri pa kuanzia: asikilize besi peke yake, kisha sauti ya juu, halafu azitafute zote mbili katika vyuma vitatu vya kwanza.