Dhamana Haiishi kwa Kuondoka Madarakani

Mwezi wa Septemba 1833, Sayyid Said bin Sultan alifunga mjini Muscat mkataba wa biashara na Marekani, mkataba uliowapa nafasi rasmi katika Unguja wafanyabiashara wa Salem waliotuletea kitambaa cha merikani. Rais aliyemtuma mjumbe wa mkataba huo alikuwa Andrew Jackson. Mwezi huo huo, huko kwao Washington, Rais huyo alikuwa akitenda jambo jingine ambalo yafaa kila mwenye madaraka alizingatie.

Jackson alizaliwa mwaka 1767 katika ufukara, mpakani mwa Carolina ya Kaskazini na ya Kusini, na akawa yatima angali kijana. Alisoma sheria, akawa jaji, na ushindi wake dhidi ya Waingereza mjini New Orleans mwaka 1815 ukamfanya shujaa. Hatumtukuzi: alimiliki watumwa, na sheria aliyoitia saini mwaka 1830 ilifungua njia ya kuwahamisha kwa nguvu wenyeji wa asili kutoka ardhi za babu zao.

Chuki yake juu ya mabenki ilikuwa na chanzo. Katika ujana wake aliuza ardhi akalipwa kwa hati za ahadi. Mnunuzi akafilisika, na deni likamwelemea yeye kwa miaka mingi. Basi alipopata urais aliikabili Benki ya Pili ya Marekani, ya Philadelphia, iliyokuwa na mtaji wa dola milioni 35. Moja ya tano tu ilikuwa ya Serikali; iliyobaki ilikuwa ya matajiri, baadhi yao wageni. Lalamiko lake kwamba wachache wasiochaguliwa na wananchi wameushika mfuko wa nchi lilikuwa la haki. Lakini Benki hiyo ilikuwa pia mlinzi: ilikusanya noti za mabenki ya majimbo na kuyadai yazilipe kwa dhahabu au fedha, nayo yakaogopa kutoa noti ovyo.

Julai 1832 Jackson aliikataa sheria ya kuiongezea Benki hiyo muda. Septemba 1833 alimfukuza Waziri wake wa Fedha, William Duane, aliyekataa kuhamisha fedha za Serikali, akamweka Roger Taney aliyetii. Mkuu wa Benki, Nicholas Biddle, akalipiza kwa kubana mikopo. Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi.

Fedha za umma ziligawiwa mabenki ya majimbo, baadhi yake yakichaguliwa kwa upendeleo wa kisiasa. Mlinzi hakuwapo tena. Noti zikamiminika, na walanguzi wakainunua ardhi ya umma kwa makaratasi. Julai 1836 Jackson mwenyewe alishtuka, akaagiza ardhi hiyo ilipiwe kwa dhahabu au fedha. Alikuwa amechelewa. Aliondoka madarakani Machi 1837, na tarehe 10 Mei mabenki ya New York yakaacha kuzilipa noti zao kwa sarafu. Mabenki mengi yalikufa, wafanyakazi wakakosa kazi, na dhiki ikaendelea hadi mwaka 1843. Lawama zilimwangukia mrithi wake, Martin Van Buren.

Haki yatutaka tuseme kwamba Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa imepandisha riba, na bei ya pamba ilikuwa imeanguka. Dhoruba hiyo ilitoka ng'ambo. Nanga aling'oa yeye.

Jackson alikufa mwaka 1845, na leo sura yake imo katika noti ya dola 20, yeye aliyezichukia noti. Madaraka ni amana. Kiongozi akiiona taasisi ya fedha inawadhulumu wanyonge, ni wajibu wake kuirekebisha. Lakini akiuondoa usimamizi asiweke mwingine mahali pake, atahesabiwa pia kwa yatakayotokea baada ya yeye kukabidhi ofisi. Maana siku ya malipo hadaiwi aliyetia saini, bali hudaiwa mkulima ambaye mali yake yote ni zile noti alizozifunga katika kitambaa.