Ibn Battuta: Kadhi wa Delhi aliyekosa mlango wa kutokea

Si unajua ile hali? Uko kwa matatu, jam haisongi, unafungua simu na kumwona mliyesoma naye amepiga picha mbele ya jengo refu la Dubai au Doha. Unajiuliza mbona wewe bado uko hapa ukihesabu nauli. Ajenti ana namba yake, mjomba yuko tayari kukukopesha, na kazi yenyewe ni ya miaka miwili tu. Unaenda, unaomoka, unarudi.

Kabla hujafunga begi, hebu nikusimulie habari za jamaa mmoja aliyewahi kufikiri hivyo hivyo, karibu miaka 700 iliyopita.

Anaitwa Ibn Battuta. Alizaliwa mwaka wa 1304 mjini Tangier, Morocco, katika ukoo wa wanasheria na makadhi. Mnamo Juni 1325, akiwa na miaka 21, aliwaaga wazazi wake na kuondoka peke yake kwenda kuhiji Makka. Hija aliimaliza, lakini miguu ikakataa kurudi nyumbani.

Hata huku kwetu alipita. Mwaka wa 1331 aliteremka na pwani ya Afrika Mashariki, akalala Mombasa usiku mmoja, akaona wenyeji wakila ndizi na samaki na misikiti yao ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, kisha akaendelea hadi Kilwa.

Utauliza: chapaa ya safari ilitoka wapi? Cheti chake kilikuwa elimu ya sheria ya Kiislamu. Aliyesoma sheria hiyo na kujua Kiarabu alipokelewa Misri, Syria, Mogadishu na kwingineko, akapewa chakula na pahali pa kulala. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ibn Battuta naye alianza kutafuta kazi yenye mshahara.

Ndipo akaelekea Delhi. Huko India alitawala Sultani Muhammad bin Tughluq, mtu tajiri ajabu ambaye hakuwaamini sana wakubwa wa nchi yake mwenyewe. Alipenda kuajiri wageni kutoka Uarabuni, Uajemi na Asia ya Kati, na akaamuru waitwe kwa jina la heshima. Habari zilisambaa kila bandari na kila kituo cha misafara kwamba Delhi ndiko kwenye pesa.

Kwa hesabu yake mwenyewe, Ibn Battuta alivuka mto Indus Septemba 1333. Na hata kabla hajamwona sultani, alikuwa tayari na deni.

Mambo yalikuwa hivi. Desturi ya sultani ilikuwa ukimletea zawadi, anakurudishia yenye thamani kubwa kuliko uliyoleta. Wafanyabiashara wakaiona nafasi. Walimkopesha mgeni pesa na vitu vya kupeleka ikulu, ikiwemo farasi, ngamia na hata watumwa, kama ilivyokuwa enzi hizo. Mgeni akishalipwa na sultani, wao wanachukua chao na faida juu. Ibn Battuta naye akakopa, kama vile leo mtu anavyokopa kumlipa ajenti kabla hajapanda ndege.

Mwanzoni mambo yalinoga, bana. Sultani alimteua kuwa kadhi wa Delhi kwa mshahara wa dinari 12,000 kwa mwaka, akampa nyingine 12,000 mkononi, na mapato ya vijiji kadhaa juu yake. Yeye alisomea madhehebu ya Maliki na Delhi ilifuata Hanafi. Lugha ya mahakama ilikuwa Kiajemi, ambayo hakuimudu. Haidhuru, akapewa wasaidizi wawili wa kuifanya kazi. Fikiria kazi kama hiyo!

Lakini kuishi karibu na ikulu kuna gharama zake. Lazima uvae vizuri, utoe zawadi, ukaribishe watu, na sultani akienda kuwinda umfuate na mahema yako na wapagazi wako. Haukupita muda mrefu deni likafika dinari 55,000, yaani mshahara wa zaidi ya miaka minne. Wenye pesa wakaanza kumwandama. Kukopa harusi, kulipa matanga. Mwishowe sultani ndiye aliyemlipia.

Shukuru, utasema. Sasa jiulize: mwajiri wako akishakulipia deni kubwa hivyo, utamwambiaje kwamba unataka kwenda kwenu?

Maana sultani yule yule mkarimu aliua watu kirahisi. Langoni pa ikulu haikuwa ajabu kukuta maiti za waliouawa. Nje ya mji aliishi Sheikh Shihab al-Din, mcha Mungu aliyejichimbia pango na kukataa kumtumikia mtawala. Sultani aliagiza ateswe, kisha akatwe kichwa. Pia alitaka kujua ni nani waliokuwa wakimtembelea. Jina la Ibn Battuta likatajwa.

Watumwa wanne wakawekwa kumlinda usiku na mchana, na kila aliyejua mambo ya Delhi alijua maana yake. Alifunga siku tano mfululizo akisoma Qurani na kusubiri.  Mwishowe akaachiliwa.

Alipotoka pale alijiuzulu, akagawa mali yote na kwenda kuishi na mcha Mungu mmoja maskini kwa miezi mitano, akiwa amevaa nguo za kifukara. Ndipo sultani akamwita tena na kumpa kazi mpya: apeleke zawadi China kama balozi wake. Akakubali mara moja. Ikawa njia ya kutoka Delhi salama.

Hata hiyo iliharibika. Bandarini Calicut alibaki nchi kavu kwa sababu ya swala ya Ijumaa, dhoruba ikapiga, merikebu iliyobeba zawadi za sultani ikavunjika na watu wakafa. Chombo kingine kilichokuwa na mizigo yake kikatweka tanga bila yeye. Akabaki ufukweni na dinari 10 na zulia la kulalia. Kurudi Delhi kueleza aliogopa. Alienda visiwa vya Maldives, na huko waliposikia kwamba alikuwa kadhi wakamzuia ili awahukumie kesi zao. Aliwahi, akaoa, akagombana na wakubwa, akaondoka. Alifika hadi China kabla ya kugeuza njia.

Mwaka wa 1348, akiwa Damascus, alimpata mtu wa kwao na kuuliza habari za nyumbani. Akaambiwa baba yake alikufa miaka 15 nyuma. Piga hesabu: ni wakati ule ule alipokuwa akiingia India na zawadi za mkopo. Mwaka uliofuata, akiwa karibu kabisa kufika, mjini Taza akapata habari kwamba mama yake amekufa kwa tauni. Alikuwa na miaka 45. Alifika Tangier na kwenda kuzuru kaburi.

Baadaye sultani wa Morocco aliagiza safari zake ziandikwe. Ibn Battuta alisimulia, mwandishi Ibn Juzayy akaandika, na kazi ikamalizika mwishoni mwa 1355. Ni kwa kitabu hicho tunajua Mombasa na Kilwa zilivyokuwa enzi hizo, na ni vigumu kusema kwamba angekaa kwao ingekuwa heri.

Kwa hivyo sikuambii usiende. Nenda, ukipata. Lakini siku ajenti atakapokueleza mshahara, chumba na tiketi ya kwenda, muulize pia pasipoti itakaa kwa nani, deni litaisha lini, na ukitaka kurudi kabla ya mkataba kwisha utapitia wapi. Akibabaika kukujibu, ngoja kwanza. Na ukifika huko, mpigie mamako simu. Ibn Battuta hakuwa na simu, wewe unayo.