Georges Simenon: romani za polisi kwa maneno machache

Georges Simenon alizaliwa Liège, Ubelgiji, mwaka wa 1903. Akiwa na miaka 15 tu aliacha masomo, akaingia kazi ya gazeti. Kisha, kule Paris, mwandishi Colette alimwambia aondoe mapambo mu hadithi zake. Alisikia. Tangu pale: maneno mepesi, sura moja kwa siku, na kisha wiki mbili hivi kitabu kimeisha.

Mwaka wa 1931 alimleta komiseri Maigret, polisi asiyekimbilia bunduki. Maigret anavuta kiko, anasikiliza watu, mpaka anaelewa juu ya nini mtu ameua. Romani zake karibu 75 zilisomwa dunia nzima.

Mwaka wa 1932 Simenon alifika Kongo, wakati ule ingali koloni; mdogo wake alikuwa anafanya kazi Matadi. Aliporudi, alikosoa ukoloni waziwazi mu gazeti moja la Ufaransa. Baadaye akatoa Le Blanc à lunettes, romani ya mzungu mwenye shamba la kahawa hapa Kongo. Lakini hata mule, Wakongo wanabaki nyuma. Hakuna anayewasikiliza vile Maigret anasikiliza watu wa Paris.

Simenon alikufa Lausanne, Uswisi, mwaka wa 1989.