Geoffrey Spicer-Simson: Kamanda wa Ziwa Tanganyika aliyeachwa nje ya filamu

Watu wengi wa Ulaya na Marekani walisikia habari za vita vya majini katika maziwa ya Afrika kwa mara ya kwanza walipoitazama filamu ya The African Queen, iliyotolewa mwaka 1951. Iliongozwa na John Huston, na waigizaji wake wakuu walikuwa Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Sehemu ya filamu hiyo ilipigwa Uganda na katika Kongo ya Wabelgiji. Mwishoni, manowari ya Kijerumani iitwayo Louisa inalipuka na kuzama ziwani baada ya kugonga mashua ya watu wawili waliotengeneza mabomu kwa mikono yao.

Wanaoishi kandokando ya Ziwa Tanganyika, kuanzia Bujumbura hadi Kigoma na Kalemie, wana sababu ya kuyajua mambo yalivyokuwa hasa. Meli ya Kijerumani inayohesabiwa kuwa kielelezo cha Louisa haikulipuliwa na adui. Na afisa wa Kiingereza aliyetumwa kuwaondoa Wajerumani ziwani humo hakupigana nayo hata mara moja. Afisa huyo ni Geoffrey Spicer-Simson.

Miaka mingi bila cheo

Spicer-Simson alizaliwa mwaka 1876 huko Hobart, katika kisiwa cha Tasmania, Australia. Alilelewa Ufaransa na kusomeshwa Uingereza, hivyo akakijua Kifaransa vizuri tangu ujana wake. Aliingia katika jeshi la majini la Uingereza akiwa na umri wa miaka 14.

Kazi yake jeshini ilikuwa na mikosi mingi. Mwaka 1905, wakati wa mazoezi, alibuni njia ya kukamata nyambizi kwa kukokota kamba iliyofungwa kati ya manowari mbili, na nusura aizamishe nyambizi ya nchi yake mwenyewe. Wenzake walipanda vyeo, yeye akabaki palepale. Alipata nafuu katika kazi ya kupima na kuchora ramani za mito, kwanza Uchina, kisha Gambia.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, alikabidhiwa kikundi kidogo cha meli katika pwani ya kusini-mashariki ya Uingereza. Mwezi Novemba mwaka huo, meli mojawapo, Niger, ilizamishwa na nyambizi ya Wajerumani wakati yeye yuko nchi kavu. Baada ya hapo alipewa kazi ya mezani jijini London.

Wazo la mtu mwingine

Wakati huo Ziwa Tanganyika lilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Mwezi Agosti 1914, meli yao Hedwig von Wissmann iliishambulia na kuiharibu meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune. Tangu hapo majeshi ya Ujerumani yaliweza kuvuka ziwa na kushambulia pwani ya Kongo bila kizuizi kikubwa.

Mwezi Aprili 1915, mwindaji mmoja aitwaye John Lee, aliyeijua vyema nchi hiyo, alifika London na kuwaeleza wakuu wa jeshi la majini kwamba mashua ndogo zenye mwendo wa kasi zingeweza kupelekwa ziwani kwa reli na barabara. Wazo lake lilikubaliwa, ila uongozi alipewa Spicer-Simson, kwa kuwa maafisa wengine wenye sifa walikuwa na kazi nyingine. Baadaye Lee alishutumiwa na kuondolewa kabla msafara haujafika ziwani, na sifa za ushindi hazikumfikia.

Mashua hizo zilikuwa mbili, za mbao, zenye urefu wa takriban mita 12. Kila moja ilifungwa mzinga mdogo mbele na bunduki ya rashasha nyuma. Kamanda alipendekeza ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa walipokataa, akaziita Mimi na Toutou, majina ambayo kwa Kifaransa cha mtaani yalikuwa na maana ileile.

Safari ambayo kamera haikuifuata

Msafara huo wa Waingereza wasiofika 30 uliondoka London mwezi Juni 1915. Kutoka Cape Town mashua zilipakiwa kwenye treni, zikasafiri zaidi ya kilomita 3,000 hadi Katanga, reli ilipoishia Fungurume. Mbele yao kulikuwa na safari ya zaidi ya kilomita 200 kupitia misitu na milima ya Mitumba, penye kimo cha zaidi ya mita 1,800. Hapakuwa na barabara ya kupitisha mizigo ya aina hiyo.

Barabara ilichongwa na wanaume wa Kongo kwa majembe na mashoka. Madaraja zaidi ya 100 yalijengwa juu ya mito na makorongo. Mashua zilivutwa na matrekta ya mvuke, na penye mlima mkali zilivutwa na maksai na watu kwa kamba. Maji ya mvuto yalipokosekana na matrekta yakakwama, wanawake wa vijiji vya karibu waliajiriwa kuyabeba kwa vyungu kutoka mbali. Kazi hiyo ilianza mwezi Agosti na kumalizika mwishoni mwa Septemba. Kutoka hapo mashua zilishuka kwa Mto Lualaba, zikapanda treni nyingine, na mwezi Oktoba zikafika Lukuga, karibu na Kalemie ya leo.

Bila kazi hiyo, mapigano ya ziwani yasingetokea. Hata hivyo, majina ya waliochonga barabara na kubeba maji hayakuandikwa popote panapojulikana.

Mapigano mawili

Asubuhi ya tarehe 26 Desemba 1915, meli ndogo ya Kijerumani Kingani ilikaribia Lukuga kuchunguza yanayoendelea. Mimi na Toutou ziliifukuza. Mzinga wa Kingani ulielekea mbele tu, nazo mashua za Waingereza zikaja kutoka nyuma. Mapigano yalichukua dakika chache. Nahodha wa Kingani na baadhi ya mabaharia wake waliuawa, meli ikatekwa, ikakarabatiwa na kupewa jina la Fifi. Spicer-Simson akapandishwa cheo kuwa kamanda kamili.

Tarehe 9 Februari 1916, Hedwig von Wissmann ilikuja kumtafuta mwenzake aliyepotea. Fifi, akiwamo Spicer-Simson, ilikuwa nzito na haikuweza kuifikia. Mashua Mimi ilitangulia bila kungoja amri na kuichokoza hadi ikapunguza mwendo kwa kugeuka kujibu mapigo. Ndipo mzinga wa Fifi ulipoipata na kuizamisha.

Baada ya ushindi huo, jina la kamanda lilienea pande zote za Lukuga. Alikuwa amechorwa chale mwilini, na alipenda kuvaa sketi badala ya suruali kwa sababu ya joto. Wenyeji wakampa jina la Bwana Chifungatumbo. Inasimuliwa kwamba Waholoholo walifinyanga sanamu zake za udongo.

Meli iliyobaki

Ilibaki meli ya tatu, nayo ilizishinda zote kwa ukubwa. Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikakongolewa, ikasafirishwa kwa maelfu ya masanduku hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma, ambako iliunganishwa upya. Ilikuwa na urefu wa takriban mita 70. Mzinga wake mkubwa ulitoka kwenye manowari Königsberg, iliyoangamia katika delta ya Mto Rufiji mwezi Julai 1915.

Siku moja baada ya Hedwig kuzama, Götzen ilionekana ikipita mbele ya Lukuga. Maafisa walisubiri amri ya kuishambulia. Spicer-Simson alikataa, na hakubadili msimamo hata Wabelgiji walipomtaka wasaidiane. Wengi walimwona mwoga. Ni haki pia kusema kwamba mzinga mmoja wa Götzen ungeweza kuzivunja mashua zake kabla hazijaikaribia.

Kosa lililomharibia zaidi jina lilitokea mwezi Juni 1916 huko Bismarckburg, Kasanga ya leo nchini Tanzania. Aliziondoa mashua zake kwa kuhofia mizinga ya ngome, na Wajerumani wakatoroka usiku kwa majahazi. Baadaye iligundulika kuwa mizinga hiyo ilikuwa magogo ya mbao.

Kuhusu Götzen, mzinga wake mkubwa uliondolewa ukatumike nchi kavu. Mwezi huohuo wa Juni, ndege za Wabelgiji ziliishambulia Kigoma kwa mabomu. Majeshi ya Wabelgiji yalipokaribia, Wajerumani wenyewe waliizamisha meli hiyo tarehe 26 Julai 1916, baada ya kupaka mitambo yake grisi nyingi ili isiharibike.

Kutoka vitani hadi kitabuni

Spicer-Simson alirudi Uingereza akiwa mgonjwa. Alipewa nishani na nchi yake na na Wabelgiji pia, lakini hakupewa tena uongozi wa mapigano. Kifaransa chake kilimsaidia kupata kazi ya ukalimani katika mkutano wa amani wa Versailles mwaka 1919. Mwaka 1921 akawa Katibu Mkuu wa kwanza wa shirika la kimataifa la upimaji wa bahari huko Monaco, kazi iliyoafiki ujuzi wake wa zamani, akaishikilia hadi mwaka 1937. Alifariki mwaka 1947 huko British Columbia, Kanada.

Akiwa bado Monaco, mwaka 1935, mwandishi C. S. Forester alitoa riwaya iliyotumiwa baadaye kutengeneza filamu. Katika riwaya, jaribio la wale watu wawili linashindwa, na manowari inazamishwa na mashua mbili za kasi za Waingereza. Kwa hiyo kitabu, ingawa ziwa lake ni la kubuni, kiliwapa nafasi mabaharia wa Lukuga. Watengenezaji wa filamu waliziondoa mashua hizo na kuwapa wapenzi wawili ushindi wote.

Filamu ina makosa mengine. Inaanza Septemba 1914, wakati Götzen ilikuwa bado haijashushwa majini. Hilo lilifanyika Februari 1915. Inaonyesha Mto Ulanga ukiingia ziwani, ilhali Ulanga halisi humwaga maji yake katika Rufiji na kuishia Bahari ya Hindi. Makosa hayo yanaweza kusameheka, kwa maana filamu haikudai kuwa somo la historia. Lililo zito zaidi ni kwamba mtazamaji anabaki akiamini kuwa ziwa lilikombolewa na Wazungu wawili kwa mashua moja, na maelfu ya siku za jasho la watu wa Katanga zinatoweka kabisa.

Meli yenyewe ilibaki hai. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena kwa dhoruba, Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya, Liemba. Mitambo ilikuwa imehifadhiwa vizuri na ile grisi. Kwa miongo mingi ilibeba abiria na mizigo kati ya Kigoma na bandari za kusini mwa ziwa. Mwezi Mei 2015, Warundi waliokuwa wamekwama katika kijiji cha Kagunga walivushwa hadi Kigoma kwa meli hiyo, mamia kwa kila safari.

Miongoni mwa wasikilizaji wetu wamo waliowahi kuipanda. Wao wanajua, bila kuambiwa na filamu, kwamba manowari ya Ziwa Tanganyika haikulipuka.