Habari za Theodore Roosevelt

Theodore Roosevelt alizaliwa mwaka wa 1858 katika mji wa New York, nchi ya Marekani. Baba yake alikuwa tajiri, lakini mtoto alikuwa na ugonjwa wa pumu, hata usiku mwingine hakupata usingizi kwa kukosa pumzi. Kwa kuwa hakuweza kucheza kama wenzake, alipenda kuwatazama ndege na wanyama, akaandika habari zao katika daftari. Alipokuwa kijana aliuzoeza mwili wake kazi ngumu, akapata nguvu, akawa mwindaji hodari.

Mwaka wa 1883 alisafiri mpaka Dakota, upande wa magharibi, kuwinda baisani, mnyama mkubwa mfano wa nyati, mwenye manyoya mengi mabegani. Zamani wanyama hao walikuwa mamilioni, lakini watu walikuwa wamewaua kwa ajili ya ngozi zao, wakaiacha nyama ioze. Roosevelt alitafuta siku nyingi katika mvua na baridi kabla ya kumpata mmoja. Akampiga, akafurahi. Lakini alipokaa huko kufuga ng'ombe, aliona jinsi nyika ilivyobaki tupu, akafahamu ya kuwa mali ya watu wote isiyo na mlinzi huisha upesi.

Basi mwaka wa 1887 akawakusanya rafiki zake wawindaji, wakafanya chama cha kuwalinda wanyama. Wakati ule kundi dogo la baisani lilikuwa limesalia Yellowstone, katika nchi iliyotengwa na serikali tangu mwaka wa 1872. Kuwinda mle kulikatazwa, lakini katazo halikuwa na adhabu. Mwaka wa 1894 askari walimkamata mtu aliyewaua baisani, wala hawakuweza kumfanya neno ila kumfukuza. Watu wakakasirika, na chama kikalihimiza baraza la kutunga sheria. Mwezi wa Mei mwaka ule ule sheria ikatolewa, kwamba mkosaji afungwe hata miaka 2, au atozwe hata dola 1,000.

Mwaka wa 1901 Rais McKinley aliuawa, na Roosevelt, aliyekuwa makamu wake, akashika mahali pake. Siku zile mabibi walipenda kofia zenye manyoya ya ndege, na wawindaji waliua ndege wengi hata wakati wa kulea makinda. Huko Florida palikuwa na kisiwa kidogo, makao ya mwari. Mwezi wa Machi 1903 Roosevelt alikitenga kwa amri yake kiwe salama, na mwaka wa 1906 baraza likaweka adhabu kwa mtu awadhuruye ndege katika nchi zilizotengwa.

Wengine walichukizwa, hasa wenye kukata mbao. Mwaka wa 1907 baraza lilitunga sheria ya kumzuia asitenge misitu mipya katika majimbo 6 ya magharibi. Kabla ya kuitia sahihi, Roosevelt alitenga haraka eka milioni 16. Alipotoka katika kazi yake mwaka wa 1909, alikuwa ametenga makao 51 ya ndege na mbuga kubwa 5 za taifa.

Lakini kazi hiyo haikukosa dosari. Mwaka wa 1908 mbuga ya baisani ilifanywa Montana katika nchi ya Wasalish na Wakootenai, bila ridhaa yao. Nchi hiyo ilirudishwa kwao kwa sheria ya mwaka wa 2020. Tena Roosevelt hakuacha kuwinda. Mwaka wa 1909 alishuka Mombasa, naye na mwanawe Kermit wakaua wanyama 512, na wengi walipelekwa katika makumbusho ya Washington.

Alikufa mwezi wa Januari 1919. Bunduki yake iliua wengi, lakini sheria alizozipigania ziliwaokoa wengi zaidi. Na baisani wa Yellowstone, waliokaribia kwisha kabisa, wangali wakila majani huko hata leo.