MAISHA YA GEORGES MÉLIÈS, FUNDI WA SINEMA

Wanafunzi wenzetu, wengi wetu tunapenda sinema, lakini ni wachache wanaojiuliza nani alianza kutumia ile mashini juu ya kusimulia hadisi. Ukifungua kitabu cha historia ya sinema, kurasa za kwanza utakuta jina la Mufaransa mumoja, Georges Méliès. Leo tunawaletea maisha yake, zaidi sana namna kazi yake ilivyokaribia kupotea yote.

Alizaliwa Paris tarehe 8 Desemba 1861. Baba yake alikuwa tajiri mwenye kiwanda cha viatu, na alitaka watoto wake wanaume waendeshe kiwanda kile. Georges alifanya kazi humo, akajifunza kutengeneza mashini, lakini roho yake ilikuwa kwa kuchora na kwa kiinimacho, ni kusema ile michezo ya kupoteza vitu mbele ya macho ya watu. Baba alipopumzika, Georges aliwauzishia ndugu zake fungu lake la kiwanda. Mwaka wa 1888 akanunua Théâtre Robert-Houdin, nyumba ya kiinimacho iliyojulikana sana pale Paris.

Tarehe 28 Desemba 1895 alikuwa kati ya watu walioalikwa kutazama mashini mupya ya ndugu Lumière. Picha zinatembea! Palepale akataka kuinunua, akataja franka 10 000, nao wakakataa. Yeye akaenda kuitafuta ngambo, kwa Mwingereza Robert William Paul wa London aliyekuwa na mashini ya namna ile. Akaifungua, akaitengeneza upya kwa akili yake, na mwaka wa 1896 akaanza kupiga filimu zake mwenyewe.

Hapa ndipo tunamushangaa. Wengine walipiga picha za treni inayoingia na watumishi wanaotoka kazini, basi. Méliès alisimulia kwamba siku moja, alipokuwa anapiga picha njiani, kamera yake ilikwama kidogo, kisha ikaendelea. Alipotazama filimu, akaona gari la watu limegeuka gari la maiti. Kama ilikuwa hivyo kweli ao hapana, wenye kuandika historia wanabishana mpaka leo. Lakini ufundi wenyewe ni wa kweli: unasimamisha kamera, unaondoa kitu, unaendelea. Katika mwaka ule wa 1896 alimukalisha mwanamuke kwenye kiti, akamufunika kitambaa, na mwanamuke akapotea. Yule mwanamuke alikuwa Jehanne d'Alcy. Mushike jina lake, tutamukuta tena mbele.

Mwaka wa 1897 alijenga Montreuil, karibu na Paris, nyumba ya vioo juu ya kupata mwangaza wa jua. Humo alikuwa kila kitu: mwenye kuandika hadisi, mwenye kuchora mapazia, mwenye kucheza, mwenye kulipa. Mapazia aliyachora kwa rangi ya majivu tu, kwa sababu filimu ya wakati ule ilikuwa inaharibu rangi zingine. Nakala zingine wanawake wa atelie moja walizipaka rangi kwa mukono, picha moja moja, na filimu ina maelfu ya picha! Filimu iliyojulikana kupita zote ni Le Voyage dans la Lune ya 1902: wataalamu wanapanda ndani ya risasi kubwa ya muzinga, na risasi inapiga mwezi kwenye jicho.

Marekani filimu ile ilipendwa sana, lakini feza haikufika yote kwa mwenyewe. Watu wa Edison na wengine waliiga nakala zake na kuziuzisha kama mali yao. Siye tunaita kitu kile wizi. Mwaka wa 1903 Méliès alimutuma kaka yake Gaston afungue ofisi New York juu ya kulinda haki zake, lakini wezi walikuwa wamekwisha kula.

Kisha mambo yakageuka. Kampuni kubwa kama Pathé zilianza mwaka wa 1907 kukodisha filimu pahali pa kuziuzisha kwa meta, na watu walianza kuchoka na hadisi za mashetani na nyota. Méliès hakubadilika, na kwa kweli hapo alikosa akili ya biashara. Mwaka wa 1911 Pathé alimukopesha feza, dhamana ikawa mali yake ya Montreuil. Filimu za 1912 hazikufaulu. Mwaka wa 1913 muke wake Eugénie akafariki. Ikafika vita ya 1914-1918: jeshi lilikamata filimu zake nyingi na kuziyeyusha, sehemu ikafanya visigino vya viatu vya askari. Mutoto wa mutu wa viatu! Mwaka wa 1923 nyumba yake ya kiinimacho ilibomolewa juu ya kupitisha barabara, na Montreuil ikauzishwa. Hakuwa na pahali pa kuweka filimu zilizobaki. Kwa hasira na huzuni akazichoma moto yeye mwenyewe.

Mwaka wa 1925 alioa tena, na muke ni yule Jehanne d'Alcy. Jehanne alikuwa na duka ndogo ya vitu vya watoto na bombo ndani ya kituo cha treni cha Montparnasse. Muzee alikaa pale kila siku, baridi ao joto, wasafiri wakapita bila kumujua, mpaka mwandishi wa gazeti la sinema, Léon Druhot, akamutambua. Watu wakaanza kutafuta nakala zilizosahauliwa, wakapata chache, na tarehe 16 Desemba 1929 zikaonyeshwa Paris, katika Salle Pleyel, yeye mwenyewe akiwa pale. Mwaka wa 1931 akavalishwa nishani ya Légion d'honneur, na aliyemupa ni Louis Lumière. Tangu 1932 alikaa Orly, katika nyumba ya wazee wa sinema, pamoja na Jehanne na mujukuu Madeleine. Alifariki tarehe 21 Januari 1938.

Yule mujukuu alipokomaa alizunguka inchi nyingi akitafuta filimu za babu, na mwaka wa 1973 akatoa kitabu juu ya maisha yake, Méliès l'enchanteur. Juu ya filimu zaidi ya 500, leo karibu 200 zimepatikana. Mwaka wa 1993 nakala ya ile safari ya mwezi iliyopakwa rangi ilionekana Barcelona, imeoza, imeshikamana kama jiwe. Mafundi waliibandua picha kwa picha, na mwezi wa Mei 2011 ikaonyeshwa Cannes, na rangi zake.